Mwogeleaji wa Bwana Jeilani

Famau Madi wa Mbwajumali hakuja Amu kuogelea. Hilo tuliweke wazi tangu mwanzo, maana watu wa mjini wamelisimulia kwa namna yao, na watu wa mjini, Mungu awasamehe, hawawezi kutoa habari bila kuivalisha joho. Famau alikuja kusoma. Kuogelea alikujua tangu hajaota meno ya pili, na haikumpitia kabisa kichwani kwamba yuko mtu duniani angemlisha kwa ajili ya jambo hilo.

Kilichomleta ni mazishi ya baba yake. Mzee Madi alifariki miaka michache kabla ya ile vita ya Wajarumani, na Mbwajumali wakati huo hakukuwa na mtu wa kusoma talkini, yale maneno anayosomewa maiti kaburini kumkumbusha atakavyowajibu malaika wakija kumuuliza habari ya Mola wake na dini yake. Ikabidi aitwe mwalimu kutoka kijiji cha pili. Maji yalikuwa yametoka, mtumbwi wa mwalimu ukakwama kwenye tope la mikoko, na maiti hangojeshwi. Wakamzika kimya. Mwalimu alipofika watu walikuwa wamekwisha kunawa mikono. Akala wali wa matanga, akawapa pole, akarudi zake.

Mama yake Famau, Bi Tima, alilia zaidi kwa ule ukimya kuliko kwa kufiwa. "Madi hakuwa mwepesi wa kujibu," akawa akisema kila mtu anapokuja kumpa mkono. "Hata mimi nikimuuliza jambo alikuwa hajui aanzie wapi. Sasa huko kawajibu nini, masikini?" Watu walimwambia Mungu ni mwingi wa rehema. Alikubali, kisha akauliza tena. Famau alikuwa na umri wa kuoa, lakini siku ile aliapa kwamba haoi wala hafanyi lolote mpaka awe amesoma, ili asizikwe mtu mwingine Mbwajumali namna ile.

Basi akapanda mashua ya mjomba wake iliyokuwa inapeleka nazi Amu. Na ndipo alipokutana na mbuzi.

Mbuzi alikuwa wa Bwana Jeilani bin Ridhwani, wa mtaa wa Mkomani. Huyu Bwana Jeilani alikuwa na nyumba mbili za mawe, moja ya kukaa na moja ya kuzungumzia. Kazi yake ilikuwa heshima, na aliifanya kutwa, kuanzia barazani asubuhi mpaka barazani jioni, akipumzika kwa chakula na sala. Siku hiyo alikuwa gatini akipokea mbuzi wa akika, wa kuchinjwa kwa ajili ya mjukuu wake aliyezaliwa. Mbuzi akaangalia mji, akaangalia kisu kilichokuwa kiunoni mwa mpokeaji, akajitupa majini. Watu wakapiga kelele. Famau akavua shati, akaruka, akamkamata pembe mkondo ulikokuwa umeshampeleka, akarudi naye taratibu, huku akimsemesha kama mtu anayembembeleza shangazi yake mkali.

Bwana Jeilani hakumtazama mbuzi. Alimtazama Famau mabega.

"Ndoo hapa, kijana," akamwita kwa mkono. "Waitwa nani?"

"Famau Madi, Bwana. Wa Mbwajumali."

"Nikupe nini kwa hisani hii?"

"Nataka kusoma, Bwana. Nimekuja kwa sababu baba yangu alipo..."

"Kusoma!" Bwana Jeilani aliwageukia watu wote waliokuwapo, na mikono akainyanyua. "Mmesikia? Asema ataka kusoma! Nitamsomesha mimi. Atakaa kwangu, atakula kwangu, atavaa kwangu. Mimi, bin Ridhwani, nisimfadhili mtafuta elimu?" Sababu yenyewe ya kutaka kusoma hakuingoja. Alikuwa na ya kwake.

Ya kwake ni hii. Kila Siku ya Mwaka, watu wa Amu wanaposhuka pwani kuoga ili mwaka mpya uwakute safi, mtaa wa Mkomani na mtaa wa Langoni hutoa kila mmoja mwogeleaji wake. Wawili hao huvushwa ng'ambo, Manda, halafu hurudi mjini kwa mikono yao. Mtaa unaoshindwa hutoa ng'ombe, na ng'ombe si neno. Neno ni maneno. Langoni wakishinda huyatumia mwaka mzima. Huyatumia harusini, huyatumia sokoni, huyatumia hata wakija kutoa pole ya msiba. Na Mkomani, watu wa nyumba kubwa na mikono laini, walikuwa wamezoea kushindwa.

Famau akapewa chumba cha uani. Akapelekwa kwa Mwalimu Fadhil, mtu wa Kizingitini aliyehamia Langoni na kufungua darasa la fikihi, mnene, mcheshi, mpenda halua. Bwana Jeilani alimpeleka mwenyewe, akamwambia Mwalimu mbele ya watu, "Huyu ni mwanangu. Mfundishe kila kitu." Kisha akamtilia Mwalimu sinia la halua mkononi, akamnong'oneza, "Ila usimchoshe."

Fikihi, kama ajuavyo kila aliyepita chuoni, huanza na mlango wa maji: maji yapi yanafaa kutawadhia na yapi hayafai. Mlango wa maiti uko mbali huko mbele. Famau alifungua mlango wa maji kwa hamu kubwa, akasoma siku chache, na hapo akatiwa mafunzoni.

Bwana Jeilani mwenyewe hakujua kuogelea. Akivuka kwenda Manda alikuwa akishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili na kusoma Ayatul Kursi mpaka mchanga uguse. Lakini kufundisha, Mungu wangu! Alisimama ufukweni na mwavuli wake, makubadhi miguuni, akimwamrisha mtu aliyezaliwa na bahari: "Inua kiwiko! Pumua! Sivyo hivyo! Pumua kama mtu wa Mkomani!" Famau aliitika "Naam, Bwana" na kuendelea kuogelea kama alivyofundishwa na samaki. Bwana Jeilani akaridhika kwamba kijana anajirekebisha.

Darasa la asubuhi likamwangukia maji ya kujaa, kwa hiyo hakwenda. Darasa la alasiri likamwangukia kukandwa mafuta ya nazi, kwa hiyo hakwenda. Akishika kitabu jioni, Bwana Jeilani alikipokonya kwa upole na kukiweka juu kwenye kidaka, palipo na sahani za mapambo. "Kuinamia kitabu kwakaza shingo, mwanangu. Shingo ikikaza, mkono hauendi." Na Famau alipolalamika kwamba hajatoka kwenye mlango wa maji, aliambiwa, "Na wewe umo majini kutwa! Nani aujuaye mlango huo kukushinda?"

Alilishwa, hilo hawezi kulikana. Maziwa, asali, supu ya pweza, nyama siku ambazo wenye nyumba wenyewe walikula mchicha. Bi Swafiya, mke wa Bwana Jeilani, ndiye aliyekuwa akiipakua, naye hakuwa mtu wa kumeza maneno. "Famau," alimwambia siku moja, "tuna ng'ombe wa Siku ya Mwaka humu ndani, au tuna mwanafunzi? Maana nimeshindwa kutofautisha." Famau alicheka, lakini nyama aliibakisha. Nyumbani Mbwajumali, kila mashua iliyokwenda, Bi Tima alikuwa akiwauliza mabaharia, "Amefika wapi?" Nao hujibu, "Amefika mbali sana, Bi Tima. Juzi amefika karibu na Shela."

Jambo moja Bwana Jeilani alilifundisha kweli, na tusimnyime haki yake. Alimfundisha adabu. Aliona aibu kwamba watu wangesema mwogeleaji wa Mkomani ni mtu wa shamba, kwa hiyo kila chakula kilikuja na somo lake. Usiseme hujaulizwa. Usimalize wali kabla ya mwenye nyumba. Usimpe mkubwa mgongo. Na juu ya yote, usimtangulie mwalimu wako. "Popote," alikuwa akisema na kidole juu. "Ndiani, mlangoni, msikitini. Popote! Ukimtangulia mwalimu umeikata radhi yake, na elimu bila radhi haikai." Hilo Famau alilishika kwa moyo wote. Elimu yenyewe ilikuwa kidogo. Angalau radhi isipotee.

Basi siku moja mvua kubwa ilimkuta nyuma ya Mwalimu Fadhil, wakitoka msikitini. Mwalimu alikuwa na kofia pana ya chane za ukindu iliyomkinga mvua, na haraka hakuijua; alisimama kila baraza kuwajulia watu hali mpaka na paka wao. Famau alimfuata hatua kwa hatua, akirowa, wala hakumpita. Bwana Jeilani alipoipata habari hiyo aliichukua barazani akaila mwezi mzima. "Wanangu mimi hulelewa hivyo! Hata gharika ije, hawampiti mwalimu wao!"

Barazani alikuwapo Muhdhar, mkubwa wa Langoni, mtu mwembamba asiyepoteza neno la mwenzake. Alitikisa kichwa kwa kusifu, akanywa kahawa yake mpaka mwisho, akaaga. Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja kwa Mwalimu Fadhil.

"Mwalimu," akamwambia, "watu wanasema mtu wa Kizingitini akishakaa mjini anaisahau bahari."

"Nani asemaye hivyo?" Mwalimu akaketi wima. "Mimi nilikuwa nikizamia kamba-mawe kabla hao watu hawajafungwa vikoi!"

"Ndivyo nilivyowaambia. Wakacheka."

Ikatosha. Siku ya Mwaka, kuliposimama waogeleaji kule Manda mbele ya mashua zilizojaa watu na ngoma, Mkomani walimleta Famau, anang'aa mafuta. Na Langoni walimleta Mwalimu Fadhil, tumbo mbele, kikoi kimekazwa, anawapungia watu mkono.

Bwana Jeilani alikuwa ndani ya mashua ya wazee. Kwanza alicheka. Halafu kicheko kikamkauka, akaona. Lo! Alisimama ghafla mpaka mashua ikayumba na wazee wakamshika kanzu.

"Famau!" akapaza sauti. "Famau, nisikize! Yeo hakuna mwalimu! Baharini hakuna mwalimu!"

Famau alimtazama Bwana wake kwa mshangao. "Lakini Bwana, wewe ulisema popote."

"Popote pakavu!"

Watu wa Langoni walipasuka vicheko. Bwana Jeilani akashuka kwenye maji ya magoti na makubadhi yake, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliota, akamshika Famau mkono na kumwambia kwa sauti ya chini, na sauti hiyo haikuwa na mzaha. "Nisikize vyema. Mashua ya kwenu iko gatini, yarudi Mbwajumali kwa maji haya haya. Ukishindwa, panda. Chumba kile si chako tena."

Akapandishwa tena mashuani. Ngoma ikapigwa, waogeleaji wakaingia majini.

Sasa mtu aliyekuwa juu ya mashua aliona kichekesho, na ni haki yake kucheka. Mwalimu Fadhil aliogelea kidogo, akalala chali kupumzika, akatazama mawingu. Nyuma yake, umbali wa mkono, Famau akaelea papo hapo. Mwalimu akaanza tena, Famau akaanza tena. Mkondo ukamvuta Mwalimu upande wa Shela, na Famau akavutika naye, kwa hiari. Mara moja Mwalimu alikohoa maji na Famau akauliza, "U hali gani, Mwalimu?" na Mwalimu akajibu, "Alhamdulillahi," wote wawili wakaendelea. Bwana Jeilani alikuwa akipiga mbao za mashua kwa mwavuli: "Mpite! Mpite, mwana wa watu! Wallahi nimekuruhusu!"

Lakini Famau hakuwa akicheka. Alikuwa akiona mji mbele yake na mashua ya mjomba gatini, tanga linafunguliwa. Kumpita mzee yule kulimtaka apige mikono mara chache tu, basi. Akimpita, atabaki Amu, chumbani mwake, na kitabu kiko juu ya kidaka. Lakini atakuwa amemwaibisha mwalimu wake mbele ya mji mzima, na kwa uso gani atakwenda kuketi mbele yake tena? Asipompita, atarudi kwa mama yake vilevile alivyotoka, amenenepa tu. Alimkumbuka mama yake na swali lake, na machozi yakamtoka humo humo baharini. Aliwaza kumpita. Kweli aliwaza, mkono ukanyooka kabisa. Kisha akaurudisha.

Mwalimu Fadhil aligusa mchanga wa Amu kwanza. Famau akagusa baada yake.

Langoni waliruka, wakapiga vigelegele na magoma, wakambeba Mwalimu hatua mbili na kumshusha, kwa uzito. Wakuu wa Mkomani walitelemka mashuani kama watu waliotoka mazikoni. Na Bwana Jeilani akaja mbio ufukweni, kinywa kimeshafunguka kumfukuza mtu, pale mzee mmoja wa mtaa wa Langoni, wa Langoni nasema, alipomshika mkono na kuubusu.

"Mashaallah, Bwana Jeilani! Miaka yote hii sijaona malezi kama haya. Kijana angeweza kushinda amelala. Hii ni adabu ya nyumba ya watu!"

Na mwingine akaja, na mwingine. Wanawake kwenye madirisha wakamshangilia. Bwana Jeilani alikuwa na tusi mdomoni na pongezi masikioni, akawa hajui atoe lipi ameze lipi. Muhdhar alisimama kando na ushindi wake, hakuna anayemtazama, hasira zimempanda. Ng'ombe alikuwa wake na sifa zimekwenda Mkomani.

"Ni malezi tu," akasema Bwana Jeilani mwishowe, na sauti ilianza kumrudia. "Mimi ndivyo nilivyomwagiza. Nilimwambia, mwanangu, ushindi si kitu..."

Mwalimu Fadhil alikuwa ameketi mchangani akitweta, anamtazama Famau. Uso ulikuwa umembadilika. Alikuwa ameanza kuelewa alichofanyiwa, na alichokifanya yeye.

"Famau," akasema. "Kwa nini hukunipita?"

"Wewe ni mwalimu wangu."

"Mwalimu wako wa nini?" Mwalimu akauliza. "Hebu nisomee mlango wa pili."

Famau aliinamisha kichwa. "Siujui, Mwalimu."

"Hujui kwa kuwa sijakufundisha. Umeketi kwangu siku za kuhesabika, na halua nimeila yote." Akawageukia watu. "Mwanafunzi wangu huyu mnayemsifu hajui ila maji."

Bwana Jeilani akakohoa. Akasema mwanafunzi amepewa kila kitu, nyumba nzima ni shahidi. Hapo ndipo Famau, aliyefundishwa asiseme asipoulizwa, aliposema bila kuulizwa.

"Nimepewa, Bwana. Nimepewa maziwa na asali na kanzu, Mungu akulipe. Lakini sikuja kwa hayo. Baba yangu amezikwa hana wa kumsomea talkini. Mama yangu mpaka leo anauliza amewajibu nini malaika. Nilitaka nijifunze nikawasomee watu wa kwetu, basi. Ulikuwa hujaniuliza." Akageuka kuelekea gatini. "Nakwenda zangu. Mashua inaningoja."

Bwana Jeilani aliangalia makubadhi yake, yaliyokuwa yamejaa mchanga na maji. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwake, akazungumza bila hotuba.

"Usiende," akasema. "Na ufukweni usije tena. Nenda darasani."

Famau alikwenda. Bi Swafiya mwenyewe ndiye aliyepanda kigoda, akakiteremsha kitabu kidakani, akakipangusa vumbi kwa ukaya wake, ule ushungi wa kichwani, bila kusema lolote, na kwake yeye hilo lilikuwa jambo kubwa. Barazani, bila shaka, Bwana Jeilani aliendelea kueleza jinsi alivyoupanga ule mpango wa adabu tangu mwanzo. Watu wakamwachia, maana ng'ombe alikuwa ameshaliwa.

Lakini alasiri akawa na mazoea mapya. Hushika mwavuli, hupita Langoni, mtaa wa watu, na kuketi kwenye ngazi ya darasa la Mwalimu Fadhil. Akiulizwa, alisema anamlinda mwanafunzi wake asije mtu akamwita kuogelea. Aliketi pale, akisikia sauti za wasomaji ndani, na siku moja darasa lilipokwisha, wenzake Famau wakatawanyika, alimwita kwa mkono.

"Kaa hapa, mwanangu." Akatazama huku na huku, pasiwe na mtu. "Ile talkini. Nimehudhuria maziko mengi mno, nimeisikia nikiitika amin na mikono imenyanyuliwa, nikiwaza shughuli zangu. Hiyo yasemaje hasa? Humwambia mtu ajibu nini?"

Famau alimtazama. Bwana Jeilani hakuwa na baraza usoni. Alikuwa mzee, ameegemea mpini wa mwavuli.

"Sijafika huko, Bwana," akasema kwa upole. "Tuko kwenye kutawadha tu."

Bwana Jeilani akakigusa kitabu kilichokuwa mkononi mwa Famau.

"Basi fanya haraka, mwanangu," akasema. "Mimi si kijana."